Kabla hujahamia Git, pima uzito wa historia

Umeuliza kama mhame Subversion kwenda Git, zile programu za kutunza kodi za kompyuta na historia ya mabadiliko yake. Usiiguse hiyo repo (ghala la kodi yenu) leo usiku, ndugu yangu. Mko watatu, mko Subversion, folda moja imechanganya kodi, mafaili ya Photoshop na nakala za databesi, halafu kuna mtu kakwambia kuhamia Git ni amri moja tu, hata chai haipoi. Sisi tuliambiwa hivyo hivyo na fundi tuliyemlipa. Amri ilikuwa moja kweli. Kilio ndicho kilichoendelea.

Kwenye Subversion ukivuta kodi unapata toleo moja tu, historia inabaki kwenye seva. Kwenye Git kila anayekloni (anayevuta nakala yake) anabeba historia nzima, pamoja na lile bango la tangazo mlilolifuta zamani. Umelifuta machoni pako, kwenye historia bado limekaa. Kodi yetu ndogo ikageuka gigabaiti kadhaa, na watu wanatumia bando la simu! Kijana wa fildi alimaliza bando lake kabla hajaandika hata mstari mmoja. GitHub nayo ikakataa kupokea, maana faili likizidi MB 100 halipiti, hata kama liko kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya zamani tu.

Haya, tusafishe. git filter-repo, kifaa cha kusafisha historia, inafuta kweli, ila inaandika historia upya: kuanzia pale ulipogusa, kila komiti inapata namba mpya, na kila mtu lazima atupe kopi yake akloni upya. Mmoja wetu hakutupa (simtaji, ila ana jina kama langu). Akavuta historia mpya, akaiunganisha na kopi yake ya zamani, akapushi (akairudisha kwenye seva). Uchafu wote ukarudi, na kila komiti ikaonekana mara mbili. Fundi akasema ndiyo kawaida ya Git. Kawaida! Na seva ya zamani ya Subversion keshaifuta, eti anatupunguzia gharama. Pesa yake alikuwa ameshachukua, bila shaka.

Git sibishi, ni nzuri, unakomiti hata mtandao ukikatika. Lakini SAFISHA KABLA MTU WA PILI HAJAKLONI. Fanya jaribio kwa git svn (amri ya kuhamisha historia ya Subversion) kwenye mashine yako peke yako, pima folda ya .git (ndimo historia inamokaa), ondoa mizigo, rudia mpaka iwe nyepesi. Photoshop iache Subversion, kule kuna svn lock, unalifunga faili wengine wasilibadilishe. Git haitakuunganishia picha mbili. Seva ya zamani iwe ya kusoma tu, asiizime mtu.

Ukishajaribu weka hapa ukubwa wa .git, ndiyo tuongee.