Muvi ikigeuzwa tamthilia: kwa nini Cobra Kai ilishika na nyingine zikadoda

Mkuu, umeuliza kwa nini muvi tulizozipenda zikigeuzwa tamthilia nyingi zinadoda, na kama ipo hata moja ya kukukesha. Mimi nakutajia Cobra Kai, tamthilia iliyotokana na muvi ya The Karate Kid. Nimekua na muvi hiyo, na baadaye nikafanya kazi laibrari ya muvi, nikijaza flashi za watu kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Muvi yenyewe ni ya 1984. Mimi niliiona miaka kadhaa baadaye, kibanda umiza cha mtaani kwetu, tumebanana kwenye mabenchi mbele ya TV ya chogo na deki iliyokuwa inatafuna kanda. Kwetu sisi Daniel LaRusso steringi, Johnny Lawrence adui, basi. Kwenye fainali ya mashindano ya karate, Daniel aliposimama kwa mguu mmoja, mikono juu kama korongo, akamchapa Johnny teke la uso, kibanda kizima kilinyanyuka na benchi letu likaanguka.

Sasa tazama walichofanya Josh Heald, Jon Hurwitz na Hayden Schlossberg mwaka 2018. Hawakumtafuta Daniel mwingine wa kuanza naye upya. Walimfuata adui: yule aliyepigwa lile teke, aliishije baada ya hapo? Johnny anaamka kwenye chumba kichafu, bia zimezagaa, na siku hiyohiyo kibarua kinaota nyasi. Daniel ana biashara ya magari, mabango yake yako barabarani, na mteja akinunua gari anapewa kimti cha bonsai. William Zabka na Ralph Macchio wamerudi wenyewe, wakiwa watu wazima kwelikweli. Ile miaka 30 na ushee unaiona usoni mwao.

Wengi wanapokosea ni kwenye kuvuta hadithi iliyokwisha. Casablanca ya 1942 ilijaribiwa kufanywa tamthilia mara mbili, 1955 na 1983, na hakuna iliyodumu. Mwishoni Rick, steringi wake, akishamwacha mpenzi wake Ilsa apande ndege, umebaki na nini cha kusimulia? Lakini M*A*S*H, iliyotoka kwenye muvi ya 1970, ilikwenda tangu 1972 hadi 1983, maana hospitali ya vitani inaletewa majeruhi wapya kila siku.

Ukianza Cobra Kai, vumilia mpaka fainali ya sizoni ya kwanza. Ni episodi kumi tu, fupifupi. Miguel, kijana ambaye Johnny anamfundisha karate, anapambana kwenye mashindano na Robby, mtoto wa kumzaa wa Johnny, ambaye tayari ameumia bega. Miguel analishambulia bega hilohilo. Johnny, ambaye mwaka 1984 aliamriwa na mwalimu wake amfyeke Daniel mguu ulioumia, yuko pembeni anaona mafundisho yake yakifanya kazi. Kombe linakuja kwake, lakini uso wake ni wa mtu aliyefiwa. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na bado inanibana kifua.

Sizoni za mbele nilianza kuchoka, sitakuficha. Maadui wa zamani wanarudi mmoja baada ya mwingine, ugomvi kila kona. Ilifika sizoni sita na kuisha 2025. Mimi ningeikata mapema.

Mtoto wa dada yangu aliiangalia yote bila kuwahi kuiona muvi. Siku moja akaniuliza, “Anko, kwani huyu Daniel siyo adui?” Nikamkalisha tukaitazama ile ya 1984. Teke likapigwa. Nikanyamaza, nikaendelea kutazama, na hapo ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kibandani: Johnny, machozi yanamlenga, analichukua kombe na kumkabidhi Daniel kwa mkono wake mwenyewe. Ni sekunde chache tu. Wakati ule sisi tulikuwa chini, tunainua benchi.