Tumbo Lenye Nguvu: Vyuma Vizito Vinaacha Nini?

Katika sehemu nyingi za mazoezi hapa Mtwara Mjini, hasa zile za uani ambako chuma ni bomba lililofungwa saruji iliyogandishwa ndani ya makopo ya rangi, kuna ubishi wa muda mrefu kuhusu tumbo. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu anayepiga skwati na dedilifti, yaani kuchuchumaa na kuinuka akiwa na chuma mabegani na kunyanyua chuma kizito kutoka chini, hahitaji zoezi jingine lolote la tumbo. Wapo pia wanaofunga kila jioni kwa sitapu, yaani kulala chali na kuinua kiwiliwili mpaka kukaa, zisizohesabika na hawagusi mzigo mzito hata kidogo. Nimefanya mazoezi kwa njia zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba mazoezi makubwa yawe msingi, kisha zoezi la tumbo peke yake lichaguliwe kwa kutazama kile ambacho yale makubwa yameacha.

Ili kuelewa kinachoachwa, ni lazima kwanza kujua tumbo lina kazi gani mtu anapobeba kitu. Kazi yake kubwa ni kuuzuia mwili usikunjike, usipinde upande na usizunguke pale mzigo unapouvuta. Upo msuli wa mbele unaotoka kwenye kinena hadi kwenye mbavu, ipo misuli ya ubavuni iliyolala kwa mshazari, na upo ule wa ndani kabisa unaozunguka kiuno. Mtu akivuta pumzi hadi chini, kisha akalikaza tumbo pande zote, shinikizo la ndani hupanda na uti wa mgongo ukapata wa kuushikilia. Makuli wanaopakia korosho msimu wa mavuno wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Gunia la korosho ghafi linaweza kufika kilo 80, na ukimtazama kuli mzoefu utaona kwamba hujaza pumzi na kukaza kiuno kabla gunia halijatua begani, wala hasubiri mpaka limlemee.

Skwati na dedilifti hufundisha ukazaji huo vizuri kuliko zoezi lolote la kulala chini, na kwa sababu hiyo peke yake zinastahili kutangulia. Hata hivyo, katika mazoezi hayo mawili mzigo humvuta mtu ainame mbele, na misuli inayopambana na mvuto huo ni ya mgongo. Msuli wa mbele wa tumbo hauwezi kukaza kwa nguvu zake zote, kwa kuwa ungefanya hivyo ungesaidia kuukunja mwili upande uleule ambao mzigo unauelekeza. Vipimo vya umeme wa misuli vinaafikiana na maelezo haya: katika skwati na dedilifti misuli ya mgongo hufanya kazi kubwa, ilhali wa mbele hufanya kazi ya wastani tu. Kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama ni tofauti, kwa sababu hapo mzigo hutaka kukupinda nyuma na msuli wa mbele ndio unaokatalia. Kwangu tofauti hiyo ilionekana wazi: dedilifti ilizidi kupanda, lakini chuma kilipokuwa juu ya kichwa kiuno kilibonyea kwa ndani, na hakikutulia mpaka nilipoongeza kazi ya tumbo lenyewe.

Swali linalofuata ni kazi ipi, na hapa siwaungi mkono sana watu wa sitapu. Rafiki anapokushikilia miguu, sehemu kubwa ya kuinuka hufanywa na misuli inayounganisha paja na kiuno, na tumbo hubaki msaidizi. Stuart McGill, mtafiti wa uti wa mgongo wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alikadiria kwamba sitapu ya kawaida huugandamiza uti wa mgongo kwa takribani niutoni 3,300, ambazo ni kama uzito wa kilo 330 na zaidi. Sisemi kwamba sitapu moja itamvunja mtu, kwani wapo waliozipiga miaka mingi bila maumivu. Ninachosema ni kwamba faida yake haifanani na gharama hiyo. Jeshi la Marekani, lililowapima askari wake kwa sitapu za dakika mbili kwa miongo kadhaa, lilipoanza kutumia rasmi jaribio jipya mwaka 2022 liliweka planki, yaani kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka.

Ninachopendelea ni kuviringisha chuma: unapiga magoti, unashika chuma chenye magurudumu ya duara, unakisukuma mbele polepole kadiri kiuno kinavyobaki kimenyooka, kisha unakirudisha. Makopo ya saruji yanafaa iwapo yanazunguka vizuri. Zoezi la pili ni kutembea na mzigo mkono mmoja, na dumu la lita 20 lililojaa maji linatosha kabisa kwa anayeanza, kwani misuli ya ubavu wa pili hulazimika kukuzuia usilalie upande wa dumu. La tatu ni kuning'inia na kuinua magoti, ukikunja nyonga kuelekea juu badala ya kurusha miguu.

Tumbo ni msuli kama mingine na linataka mzigo unaoongezeka. Seti tatu za marudio 8 hadi 12 yanayokuchosha kweli zina maana kuliko marudio mia ya haraka. Planki nayo, ukishaimudu kwa dakika moja, ifanywe ngumu zaidi badala ya kurefushwa, kwa sababu dakika tano za planki huongeza uvumilivu tu. Kazi hii ifanywe baada ya vyuma vizito, kamwe si kabla, maana tumbo lililochoka halimlindi mtu chini ya skwati.

Kijana mmoja aliniuliza, "Mjomba, kwa hiyo kitambi kitaondoka?" Hakitaondoka kwa mazoezi hayo peke yake, kwa kuwa mafuta hayatoki mahali panapofanyiwa kazi. Kitambi hufuata chakula, na sisi watu wa kusini tukumbuke kwamba gramu 100 za korosho tunazotafuna tukipiga soga zina kalori zipatazo 550.

Mwenye ngiri, mwenye shinikizo la juu la damu na mama aliyejifungua karibuni wamwone daktari kabla ya kujaribu kubana pumzi chini ya mzigo, kwa kuwa kubana huko hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla na kusukuma ukuta wa tumbo kwa nje. Wengine waanze na mzigo mwepesi, wabane pumzi wakati wa kushuka na sehemu ngumu ya kupanda, na waiachie wakishapita hapo.