Mume wangu anakwenda kusomea uchungaji, nami ninaogopa kusema ninaogopa

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 27, ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Temeke, na ninaishi Mbagala pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Kwa muda mrefu mume wangu amekuwa akisema anasikia wito wa uchungaji, na sasa dayosisi imempitisha akasome theolojia katika chuo cha Makumira, mkoani Arusha, kuanzia mwezi wa kumi, kwa miaka isiyopungua minne. Yeye ameajiriwa katika kampuni binafsi na amekwisha kumwambia mwajiri wake kwamba ataacha kazi. Anataka nami niache ualimu tuondoke pamoja, kwa kuwa Mungu hawezi kumwita mtu kisha akamwacha na njaa. Mama yangu ni mjane, ana shinikizo la damu, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Mama mkwe anasema nibaki Dar es Salaam na mtoto, mwanawe akasome peke yake. Kina mama wa usharikani wananikumbusha habari za Ruthu. Ninampenda mume wangu na siamini kwamba wito wake ni wa uongo, lakini usiku silali. Je, nikimwambia kwamba ninaogopa, nitakuwa nimempinga Mungu? Na je, niende au nibaki?

Mama wa Mmoja, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, kumwambia mumeo kwamba unaogopa si kumpinga Mungu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu alipozungumza na watu waliotaka kumfuata aliwapa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi akapiga hesabu ya gharama ili aone kama anazo za kumalizia. Unachokifanya wewe usiku ni hesabu hiyo hiyo, ila unaifanya peke yako huku mwenzako amelala, na hesabu ya nyumba ya watu wawili haiwezi kutimia ikifanywa na mmoja, kwa sababu yeye hajui yote uyajuayo kuhusu mama yako, nawe hujui dayosisi imemwahidi nini hasa. Wito wake umepimwa: ameusema kwa muda mrefu, usharika umemwona, dayosisi imempitisha. Uamuzi wa kuhamisha nyumba haujapimwa na mtu yeyote. Umetangazwa tu, na hapo ndipo ninapoona kosa, wala si katika hofu yako.

Kuhusu Ruthu, kina mama wa usharikani wanakutakia mema, lakini wamesahau kwamba maneno yale, “wewe uendako nitakwenda,” Ruthu alimwambia Naomi, mama mkwe wake, baada ya kufiwa na mume, tena baada ya kuhimizwa zaidi ya mara moja arudi kwao. Aliyasema kwa hiari yake, akijua anachokiacha. Kwa hali yako mimi ningekuelekeza kwa Prisila, katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Yeye na mumewe Akila walilazimika kuondoka Rumi wakaenda Korintho, na baadaye wakafika Efeso, na kule Korintho tunawakuta wakishona mahema, kazi waliyoijua, hata Paulo akakaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Walihama na kazi yao mikononi.

Basi jibu langu ni kwamba uende, lakini usiandike barua ya kuacha kazi. Ninalisema hili kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu ajira ya serikali ikishaachwa kwa mkono wako mwenyewe, kurudi ndani yake ni kazi kubwa kuliko kuingia mara ya kwanza. Watumishi wa umma wana njia ya kuomba uhamisho, na kumfuata mwenza ni sababu inayotambulika. Makumira iko karibu na Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, kwa hiyo huko ndiko utakakoomba kwenda. Maombi ya uhamisho siku hizi hupitia kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, lakini kabla hujajaza chochote nenda ukaonane na afisa utumishi wa halmashauri yako ukiwa na cheti cha ndoa na barua ya mumeo ya kupokelewa chuoni, umweleze wazi kwamba mwenzi wako anakwenda kama mwanafunzi na si kama mwajiriwa, ili akushauri jambo hilo linavyochukuliwa. Akiona ugumu, muulize kuhusu kubadilishana kituo. Walimu walioko mikoani wanaotamani kuja Dar es Salaam ni wengi, na ukimpata mmoja wa Meru anayefundisha ngazi yako, maombi yenu mawili yatabebana. Ujue pia kwamba anayehama kwa maombi yake mwenyewe hasubiri kulipwa posho ya uhamisho, hivyo nauli na gharama ya kusafirisha vyombo ziwekeni katika bajeti yenu tangu sasa.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mumeo hajalifikiria. Kadi yako ya bima ya afya ya NHIF humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, na wazazi wako wanaweza kuwa miongoni mwao. Siku utakayoacha ualimu, mtoto, mume na huenda mama yako mwenye shinikizo la damu watapoteza kadi hiyo kwa pamoja, katika mwaka ule ule ambao mumeo naye amepoteza mshahara. Naye asitegemee akiba yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuwa mtaji wa safari, kwa kuwa fao la kukosa ajira limewekwa kwa walioondolewa kazini, si kwa walioandika barua wenyewe. Nawe tafadhali usikope kwa dhamana ya mshahara ili kuziba pengo hilo, kwa sababu makato yatakufuata mpaka Meru, na huko mshahara huo ndio utakaokuwa wa watu watatu.

Mama mkwe wako amesema ubaki. Sikubaliani naye kwa miaka minne, ila kwa miezi miwili ninakubaliana naye kabisa. Chuo kinafungua mwezi wa kumi, ilhali shule za msingi humaliza mwaka mapema Desemba. Mumeo atangulie, atafute chumba, aulize kama chuo kina nafasi kwa wanafunzi wenye familia, nawe umalize mwaka na darasa lako na kufuatilia uhamisho wako. Uhamisho huo ukichelewa kutoka, usivunjike moyo na usikimbilie kuacha kazi. Kati ya stendi ya mabasi ya Mbezi Luis na Arusha ni zaidi ya kilometa 600, safari ya basi ya siku nzima, na likizo zipo. Lakini lengo libaki kuwa nyumba moja. Mwanafunzi wa theolojia anafundishwa kuwatunza watu wengine, na nisingependa mtoto wake ajifunze kumfahamu kwa simu.

Mimi nilihama na mume wangu mwaka 1989, kutoka Magomeni kwenda Songea, naye akiwa mwalimu. Nilikuwa na umri kama wako. Niliamua kwamba mke mwema halalamiki, nikanyamaza miezi saba, nikipika, nikicheka na majirani, na kulia nikiwa kisimani. Aliyemweleza mume wangu hali yangu alikuwa jirani, na kilichomuumiza mume wangu hakikuwa upweke wangu, bali kwamba mtu wa nje aliujua kabla yake. Ilichukua muda mrefu kuliko ile miezi saba kulirekebisha jambo hilo. Ndiyo maana ninakusihi uzungumze sasa, kabla sanduku halijafungwa.

Namna ya kuzungumza ni muhimu. Usimwanzie usiku mkiwa mmechoka, wala mbele ya mama yake. Chagueni Jumamosi moja, mtoto akiwa amelala, mkae na daftari. Mwambie kwanza kile ulichoniambia mimi, kwamba humkanushi na humpingi, kisha mwambie hofu zako moja moja kwa majina yake: mshahara, mama, mtoto, na ile ya kuwa mke wa mchungaji, ambayo hukuiandika lakini ninaisikia katika barua yako. Akijibu kwamba Mungu atatoa, usibishane na imani yake, kwa kuwa ni kweli. Mwombe tu mwandike pamoja katika daftari hilo kile ambacho Mungu amekwisha kukitoa, na mshahara wako uwe wa kwanza katika orodha.

Baada ya hapo nendeni wote wawili kwa mchungaji wenu, na yeye awaelekeze ofisi ya dayosisi. Wewe uwepo. Ulizeni dayosisi inalipa ada yote au sehemu, mwanafunzi anakula nini wakati wa likizo, na familia yake inatazamwaje. Ulizeni pia jambo ambalo wengi huliona baada ya kuwekewa mikono, yaani mchungaji hupangiwa kituo. Ikiwa ni Dayosisi ya Mashariki na Pwani inayomtuma, huenda siku moja mkapangiwa Kisarawe au Maneromango na si Mbagala, na ni haki yako kulijua hilo leo. Msione aibu kuuliza. Chuo hicho chenyewe kilianzia Lwandai, kule Usambara, kikahamia Makumira mwaka 1954. Kanisa linajua kwamba kuhama kunahitaji mipango.

Maisha ya huko hayatakushinda. Utazoea vyakula vya huko, ndizi na loshoro, utajua siku za soko la Tengeru, na shuleni utakuta watoto wanaohitaji mwalimu kama hawa wa Temeke. Baridi ya Juni na Julai chini ya Mlima Meru ni ya kweli, hasa kwa mtoto aliyezaliwa katika joto la Mbagala, kwa hiyo mwandalie.

Lililobaki ni mama yako, na sitaki umwache kwa matumaini tu. Waite ndugu zako mapema, kabla mumeo hajaondoka, mkae naye akiwepo, kwa sababu ni mtu mzima na ana haki ya kusikia anavyopangiwa. Mtajwe kwa jina nani atampeleka kliniki, nani atatuma fedha ya dawa na tarehe ngapi, na nani ataitwa usiku akizidiwa. Kaka asiyeweza kutoa fedha atoe muda. Mpeleke wewe mwenyewe mara moja pamoja na huyo atakayekupokea, ili amjue daktari na ajue dawa zake. Kisha mwambie mama kwamba utakuja likizo ya mwezi wa sita umchukue aende akaone mjukuu wake anaishi wapi. Nawe utakaponunua sweta za mtoto pale Rangi Tatu, nunua na yake.

Shangazi