Unanunua Maluch? Nunua bodi, injini utaitafuta baadaye

Mkuu, usitume hiyo hela ya kishika uchumba. Umeandika kwamba uko Łódź, Poland, umepata Polski Fiat 126p (ndiyo hiyo Maluch, gari dogo la Kipoland) ya 1979, nyekundu, "rangi mpya mwaka jana, chini imepakwa lami yote, injini imefunguliwa na kufungwa upya", na muuzaji anataka malipo ya awali kabla hujaiona kwa sababu kuna watu wengine wanaisubiri. Kisha unauliza kati ya hiyo na Bis (toleo la baadaye la gari hilohilo) ipi bora, namba za njano za magari ya kale zinapatikanaje, vipuri viko wapi, na kama gari inaweza kufika Dar. Hayo yote yasubiri. Vitu vitatu ambavyo muuzaji anavitaja kama sifa, yaani rangi mpya, lami mpya na injini mpya, ndivyo vinavyotakiwa kukutia hofu.

Kwenye Maluch unanunua bodi. Injini, gia boksi, breki, viti, vyote vinapatikana na vinabadilishwa na mtu mwenye spana za kawaida. Bodi ikishaoza, hakuna bei nzuri. Gari hii haina chesisi. Bati lenyewe ndilo linalobeba kila kitu: springi ya mbele, mikono ya magurudumu ya nyuma, na injini inayoning'inia nyuma kabisa. Gari zima lina kilo 600 hivi na urefu wa mita 3.05, kwa hiyo mabati ni membamba na kila mkunjo una kazi yake. Kutu ikila mkunjo, gari linalegea.

Elewa kwanza kwa nini nyingi ziko hivyo. Leseni ya Fiat ya Italia ya kulitengeneza gari hili Poland ilisainiwa Oktoba 1971, gari la kwanza likaunganishwa Bielsko-Biała tarehe 6 Juni 1973, na kiwanda cha Tychy kikaanza kulitoa mwaka 1975. Bei ya mwanzo ilikuwa zloti 69,000, mshahara wa wastani wa karibu miaka miwili. Watu walilipa kidogo kidogo benki ya PKO miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa funguo. Kabla ya hapo familia nyingi zilikuwa za basi, tramu na treni. Gari lililosubiriwa namna hiyo halikutupwa lilipoanza kuoza. Lilitiwa viraka, bati juu ya bati, lami juu ya lami, kila baada ya majira ya baridi yenye chumvi barabarani. Kwa hiyo unaponunua ya 1979 unanunua pia miaka zaidi ya 40 ya viraka vya watu usiowajua. Rangi nyekundu inayong'aa inafunika hayo yote kwa gharama ndogo.

Na hapa niseme wazi: wanaouza kwa maneno "Maluch ni rahisi, kila kitu kinatengenezwa kwa nyundo na bisibisi" wanawaumiza watu. Maneno hayo ni kweli kwa injini. Kwa bodi ni uongo. Mtu anayepaka lami nzito juu ya kutu bila kuikwangua hajalinda gari. Lami ikipasuka, na hupasuka, maji yenye chumvi yanaingia nyuma yake na hayatoki tena, bati linaoza kimya huku juu panaonekana pasafi. Anayefanya hivyo siku chache kabla ya kutangaza gari anajua anachokifanya, na inaniudhi kuona bado inawanasa watu.

Nenda mchana, siku kavu, na uombe gari lipelekwe kwenye kituo cha ukaguzi (stacja kontroli pojazdów) chenye shimo. Utalipa kiasi kidogo na fundi atakuruhusu uangalie chini. Muuzaji akikataa shimo na jeki, umeshapata jibu lako, rudi nyumbani.

Anza na vizingiti, ile boksi ndefu ya bati chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi toka mwisho mmoja hadi mwingine. Bati zima linalia, bati lililooza au lililojazwa puti linatoa sauti iliyokufa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha mahali penye puti nene, maana haitashika. Ukipata kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi: rangi ya kiwandani haizidi sana mikroni 150, gari lililopakwa mara ya pili linaweza kufika 300, ukiona 1,000 na kuendelea hapo kuna puti, na chini ya puti kuna sababu ya puti.

Kisha tundu la jeki katikati ya kila upande. Weka jeki ya mwenye gari hapo na unyanyue taratibu. Kama bati linaanza kulia au jeki inazama, acha. Gurudumu likiacha ardhi, fungua mlango wa upande huo na uufunge. Mlango uliokuwa unafunga vizuri chini ukikwama juu, au nafasi kati ya mlango na nguzo ya nyuma ikibadilika, bodi inapinda. Kipimo hiki peke yake kinatosha kukufanya uondoke, na hakuna rangi inayoweza kukidanganya.

Fungua boneti ya mbele. Injini iko nyuma, kwa hiyo huku utakuta tairi ya akiba na betri. Toa vyote viwili. Asidi ya betri hula trei yake na bati la chini, na maji hutuama chini ya tairi. Fuata bati hadi mahali springi ya mbele inapofungwa. Springi hiyo ni ya mabati, imelazwa kutoka gurudumu moja hadi jingine, na ndiyo pia mkono wa chini wa gurudumu. Kama bati linaloishika limeoza, magurudumu hayawezi kukaa sawa hata ubadilishe kila kitu kingine, na tairi zitaliwa upande mmoja hadi uchoke.

Nyanyua zulia la mbele, sukuma sakafu kwa kidole gumba, hasa kwenye kona za miguu ya dereva na abiria. Nyuma, angalia mahali mikono ya magurudumu inapofungwa sakafuni, matao ya magurudumu kwa ndani kwenye shokapu, na bati la nyuma kabisa chini ya injini pamoja na mhimili unaoibeba. Hapo nyuma oili inayovuja huwa inasaidia kuzuia kutu. Ukikuta pakavu, safi na pameoza, usishangae. Mwisho, chini ya kioo cha mbele: vipovu vya rangi pembeni ya mpira maana yake maji yanaingia ndani, na hayo ndiyo yanayojaa sakafuni.

Ukikuta tundu moja kwenye sakafu, si mwisho wa dunia. Ukikuta vizingiti vyote viwili, vishikio vya springi na vishikio vya nyuma kwa pamoja, usinunue hata kwa bei ya chuma chakavu. Saa za kuchomelea zitazidi bei ya gari zima lililo zuri.

Sasa, kuna watu watakwambia nunua tu, utakata na kuchomelea mwenyewe. Sikiliza makosa yanayoua bodi hizi. La kwanza ni kukata vizingiti vyote viwili kwa mpigo gari likiwa juu ya stendi nne. Katikati panashuka milimita chache, unachomelea mapya yakiwa yamekaa vizuri juu ya bodi iliyokwisha kupinda, na milango haitafunga tena maishani. Upande mmoja umalizwe kabisa ndipo uguse wa pili. Kabla ya kukata, pima kwa kanda mistari ya kona hadi kona ya kila tundu la mlango na uandike. Chomelea bomba la mraba kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma ya mlango ili lishikilie. Lishike gari chini ya sehemu zake za magurudumu, uzito ukae kama ulivyo barabarani. Bati jipya likishashikwa kwa nukta chache tu, rudisha mlango, ufunge, uangalie nafasi. Paneli nyingi zinazouzwa leo si za kiwanda cha zamani, hazikai zenyewe, inabidi uzinyooshe na kuzijaribu mara nyingi. Ukichomelea moja kwa moja kwa kuwa kwenye picha zilionekana sawa, utazikata tena.

Tumia bati la milimita 0.8 kwa paneli na 1 hadi 1.5 kwa viraka vya vishikio. Mashine iwe ya waya na gesi, waya wa 0.6 au 0.8. Badala ya zile nukta za kiwandani, toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye bati jipya kila sentimita 3 au 4, paka praima ya zinki mahali mabati yanapolaliana, kisha jaza matundu. Mstari mrefu usiuchomelee kwa pumzi moja: sentimita 2 hapa, kisha ruka mwisho wa pili, maana bati jembamba likipata joto linajikunja. Na kabla ya cheche yoyote, toa tangi la mafuta, ambalo kwenye 126p liko chini ya kiti cha nyuma. Usiseme "nimelimwaga, liko tupu". Mvuke wa petroli kwenye tangi tupu ndio unaolipuka. Toa pia zile karatasi za lami za kuzuia kelele sakafuni, zinashika moto na moshi wake ni mbaya.

Rangi ikishakauka, pulizia nta ndani ya vizingiti kupitia matundu yake, na hakikisha matundu ya kutolea maji chini yako wazi. Wengi huyaziba kwa lami wakidhani ni kasoro. Kizingiti kipya kilichozibwa kinaoza kutoka ndani, na utakuja kujua siku jeki itakapozama.

Injini? Ya 1979 ni ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa, sentimita za ujazo 652, nguvu farasi 24. Mitungi ni miwili iliyotengana, kipenyo milimita 77, inabadilishwa bila mashine kubwa, na watu wawili wanaishusha chini bila winchi. Hata kama muuzaji anadanganya kuhusu injini, hasara yake inabebeka. Mambo mawili tu. Kichujio cha oili huchuja kwa kuzunguka, kiko ndani ya puli ya kranki, kinafunguliwa na kusafishwa kwa mkono. "Injini mpya" yenye uchafu mgumu humo ndani haikufunguliwa na mtu. Na mkanda wa feni: feni ya kupoza iko kwenye shafti ya dinamo, kwa hiyo taa ya chaji ikiwaka njiani simama palepale, maana mkanda ukikatika hakuna hewa inayopita kwenye mitungi. Weka mkanda wa akiba kwenye gari daima. Joto la ndani ya gari nalo linatoka kwenye hewa hiyo iliyopita kwenye injini, hivyo ukisikia harufu ya moshi ukiwasha hita, zima hita, fungua kioo na tafuta gasketi inayovuja kabla ya kuendesha tena.

Bis ilitengenezwa 1987 hadi 1991, sentimita za ujazo 703, inapozwa kwa maji na injini imelazwa ili buti ya nyuma ipatikane. Inajulikana kwa kuchemka, na vipuri vyake ni vigumu kuliko vya ile ya hewa. Kama unaanza, chukua ya hewa. Lakini Bis yenye bodi nzima ni bora kuliko ya hewa iliyooza, nadhani hapo umeshanielewa.

Namba za njano hupitia kwa mhifadhi wa mambo ya kale wa mkoa. Kwa kawaida gari liwe na umri wa miaka 30 na zaidi, uzalishaji wake uwe umekoma kwa miaka 15, na sehemu kubwa iwe ya asili. Uzalishaji ulikoma Septemba 2000 baada ya magari 3,318,674, hivyo umri si tatizo kwako. Tatizo ni uasili: ya 1979 inatakiwa iwe na bampa nyembamba za chuma, dinamo, na levers za choki na stata kati ya viti. Ukiona bampa pana za plastiki na dashibodi ya FL, toleo lililoboreshwa lililoanza katikati ya miaka ya 80, mtu amechanganya magari mawili, na hapo linganisha namba iliyogongwa kwenye bodi na ile ya hati, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kusaini chochote.

Ukifika kule beba tochi, sumaku, bisibisi butu, kipande cha boksi cha kulalia na nguo za kuchafua. Piga picha za vizingiti kwa chini, trei ya betri, vishikio vya springi na bati la nyuma, uziweke hapa. Hela ibaki benki hadi tuzione.