Uko Mbeya na unatafuta wawekezaji wa elimu? Usihame kwanza

Mkuu, umeuliza hivi: uko Uyole, una programu inayowatumia wazazi taarifa za ada na maendeleo ya watoto kwa meseji, shule chache zimeshaanza kuitumia, na kila mtu anakwambia bila kuhamia Dar hutajuana na wenye mitaji wala hutajua kinachoendelea. Mimi ni mhasibu wa shule binafsi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na siku hizi mimi na wenzangu tunaweka fedha kidogo kidogo kwenye biashara changa za elimu Nyanda za Juu Kusini. Ushauri wangu: usihame. Unachokiona kila siku hapo Uyole ndicho wanachokikosa wenye mifuko ya uwekezaji.

Kuna mgeni kutoka mfuko mmoja wa uwekezaji alikuja shuleni kwetu na mahesabu yake kwenye kompyuta: kila mzazi analipia huduma kila mwezi, kiasi kilekile, Januari hadi Desemba. Nikamfungulia kaunta buku la ada. Mwenye duka Mwanjelwa analipa kidogo kidogo mwaka mzima. Mwajiriwa analipa mshahara ukitoka. Mkulima wa mahindi au viazi anaacha chochote Januari, anakaa kimya miezi, halafu Julai au Agosti akishauza anamaliza deni la watoto wote kwa mkupuo. Yule bwana aliligeuza lile buku ukurasa kwa ukurasa mpaka chai ikapoa, kisha akafuta safu nzima ya mahesabu yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye hunipigia kuuliza mambo ya huku, na kupitia kwake nimefahamiana na wengine.

Kujuana kwa kweli huanzia hapo, kwenye kumpa mtu habari anayoihitaji. Badala ya kuandika "naomba uwekezaji", kila muhula watumie watu wachache uliowachagua barua pepe fupi: ada zimelipwaje, shule ipi imeacha kutumia programu yako na kwa nini, mtaala mpya unaendaje. Hilo la mtaala ni kubwa. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mitaala iliyoanza kutumika 2024, na sekondari kuna mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Mtu wa Nairobi au London anausoma kwenye waraka. Wewe unakaa na mwalimu anayeufundisha. Na namba mbaya zitaje kabla hujaulizwa. Hilo linajenga imani kuliko namba nzuri kumi.

Upande wa habari, usijaze kikasha chako. Tovuti ya Disrupt Africa, inayoandika habari za biashara changa, na ripoti ya kila mwaka ya kampuni ya uwekezaji ya Partech kuhusu mitaji ya Afrika zinakutosha kuanzia. Ukisoma, usikimbilie kiasi alichopata mtu. Tafuta nani hasa anayelipa, mzazi, shule au mfadhili, na analipa lini. Byju's, kampuni ya India ya masomo mtandaoni, ilithaminiwa dola bilioni 22 mwaka 2022, na 2024 ilikuwa mahakamani kwa kufilisika. Waliosoma vichwa vya habari tu walishtuka.

Jambo jingine wengi hawaulizi ni umri wa mfuko. Mfuko wa mitaji kwa kawaida huishi kama miaka kumi, na kampuni mpya hununuliwa hisa zaidi katika miaka ya mwanzo; baadaye hela iliyobaki hutunzwa kwa kampuni walizonazo tayari. Kwa hiyo muulize mapema: mfuko wenu uko mwaka wa ngapi, na mnaanzia kiasi gani? Utaokoa miezi ya kusubiri majibu.

Watu wa karibu usiwaruke. Kituo cha ubunifu cha Kiota Hub kiko Iringa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kiko hapohapo Mbeya, chuo cha ualimu cha Mkwawa wanaandaa walimu watakaotumia programu yako kesho. Mikutano ya TAMONGSCO, chama cha wamiliki na mameneja wa shule zisizo za serikali, ndiko wanunuzi wako wanakokaa meza moja. Dar nenda kwa kongamano la biashara changa kama Sahara Sparks, ukiwa umeshapanga unaonana na nani, kisha urudi kazini.

Sasa, kabla hujamwandikia yeyote: umesajili nini? Kama ni jina la biashara tu, hakuna hisa za kuuza. Sajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara; inafanyika mtandaoni. Na kwa kuwa unashika taarifa za watoto, jisajili pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria ya 2022 inakuhusu moja kwa moja. Ukikamilisha hayo mawili nitumie ujumbe, nikuunganishe na wakuu wa shule wawili wa Tukuyu wanaotafuta huduma kama yako.