Nilijua mwanangu anatembea kwa kuangalia nyayo zake

Mama uliyeuliza, pole kwanza. Umesema juzi umetoka kazini, dada akakupokea mlangoni na furaha yake, "Mama, leo katembea hatua tatu!", ukaenda kulia chooni. Sasa unawaza hata kuacha kazi, na unataka umwambie asikusimulie tena mambo ya namna hiyo mpaka uyaone mwenyewe. Nakuomba usimwambie. Mimi nilimwambia, nikajuta.

Wangu alikuwa na miezi 10. Jino la kwanza lilishanipita, kutambaa kulianza nikiwa kwenye semina, na sasa alikuwa anasimama dede kwa kushika kochi. Nikasema hili la kutembea silikosi. Nikamwambia dada kwa upole tu, "Akitembea mimi sipo, nyamaza. Niache nidhani nimemwona wa kwanza." Akacheka, akakubali. Nikajiona mjanja.

Zikapita wiki kama tano. Alhamisi moja jioni namvua nguo nimwogeshe. Kwa kawaida suruali zake zilikuwa chafu magotini, madoa mawili ya mviringo ambayo hata sabuni ilikuwa imeyakatia tamaa. Siku hiyo magoti safi. Nikainua mguu, nikakuta unyayo mweusi tii, vumbi limeingia hadi katikati ya vidole. Nikabaki nimekishika kile kimguu, maji ya beseni yanapoa. Jioni zote za wiki ile nikirudi alikuwa ananing'ang'ania kifuani, hataki kushuka mpaka alale, kwa hiyo sikuwa nimeona kitu. Nikamwita dada. Akaangalia chini. "Tangu Jumatatu, mama."

Hatua zenyewe hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni mdomo. Jumanne nilimkuta mtoto kavimba mdomo, nikauliza, nikaambiwa huenda mdudu kamuuma. Kumbe alikuwa anatembea, akaanguka, akajigonga kwenye mguu wa meza. Dada angenielezaje kuanguka bila kunieleza kutembea? Mimi mwenyewe ndiye nilimfundisha kunificha. Na siku nne zote hizo nyumba ilikuwa bado imepangwa kwa mtoto anayetambaa, ndoo ya maji ipo pale pale, pasi juu ya kimeza na waya wake unaning'inia. Nikikumbuka ule waya mpaka leo nasisimka. Halafu dada naye, mtu kamshika mtoto mikono wiki nzima akimfundisha, furaha yote ile kaimeza peke yake.

Baba yake alipopiga simu nikamweleza huku nalia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona Jumapili alitupa hatua mbili kuja kwangu? Nilidhani anaanguka." Jumapili nilikuwa nyumbani! Nimekaa humo humo chumbani nachana nywele, nimewapa mgongo. (Huyu baba alikuwa zamu za usiku miezi ile yote, amekosa mengi kuliko mimi, na sijasikia mtu hata mmoja akimpa pole.)

Kwa hiyo hata hiyo hatua ya kwanza sijui ilikuwa ipi. Kuna utafiti wa mwaka 2012 uliohesabu watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza wenyewe: kwa saa moja walipiga kwa wastani hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Na vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na 17 na ushee. Wengine hata kutambaa kwa magoti hawatambai, wanaruka hatua hiyo. Sasa utaombaje ruhusa kazini kwa tarehe ambayo mtoto mwenyewe haijui? Mkataba wa kimataifa wa likizo ya uzazi wa mwaka 2000 unataka angalau wiki 14. Mtoto wa wiki 14 ndiyo kwanza anakaza shingo. Haya yote tunayoyalilia huja likizo ikiwa imeshakwisha.

Baada ya hapo nikafuta lile agizo. Kila jioni nauliza, leo kafanya nini, kaanguka wapi, kalia nini. Video nilijaribu, hazikufaa, mtoto akiona simu anaacha anachofanya anaikimbilia. Kuoga kwa jioni nikakuchukua kuwa kwangu, haogeshwi na mtu mwingine hata nikichelewa, na humo kwenye beseni nimeona mambo mengi ambayo hayamo kwenye orodha ya mtu yeyote, kama siku aliyogundua kwamba kivuli chake kinamfuata. Kuhusu kuacha kazi, hilo lipangie hesabu yake siku nyingine umetulia. Usiliamue kwa hatua tatu.

Ile Alhamisi nilimsimamisha baada ya kuoga nikamwita. Akakaa chini, akanicheka. Jumamosi asubuhi ndipo alipoachia kochi akaja kwangu na nepi imemlegea. Sikuhesabu hatua. Dada alikuwa mlangoni na ufagio, anamhesabia kwa sauti, akafika saba.