Godoro lilirudi na mvua

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: kitu usichokihitaji tena nyumbani unakitoaje, na kipi kimekushinda kukitoa? Nimelisoma swali hilo nikiwa kwangu Bwaise, Kawempe, jijini Kampala, nikaona siwezi kulipita, maana jambo hili mimi lilinitia aibu mbele ya jirani ninayempenda.

Nimezaliwa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, mtoto wa askari, na jeshini Uganda husemwa Kiswahili, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Kampala nimekuja kwa kuolewa. Tumejaliwa watoto wanne na wote tumewapeleka bweni, na mzazi wa Uganda hahitaji kuelezwa maana yake. Mtoto akiingia senia wani, yaani kidato cha kwanza, unapewa orodha: godoro, sanduku la bati na kufuli yake, beseni, dumu la maji, ufagio, rimu ya karatasi, karatasi za choo. Unanunua vyote. Miaka sita ikiisha, sanduku na godoro vinarudi nyumbani. Anayefuata hataki sanduku la kaka yake lenye jina la kaka yake. Anataka lake. Nawe unataka mtoto aende shule na moyo mkunjufu, kwa hiyo unanunua tena.

Ilipofika mwaka 2022 nilikuwa na masanduku matatu na magodoro manne yasiyolaliwa na mtu, pamoja na televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa, masufuria yaliyotoboka, na magunia mawili ya nguo. Chini ya vitanda ufagio haukupita. Panya walizaliana humo, na kitindamimba wangu kila akija likizo alikohoa usiku kucha kwa vumbi.

Mwezi wa Aprili mwaka huo nikasema imetosha. Nikamwita kijana mmoja mwenye toroli, nikampa shilingi 5,000, nikamwonyesha magodoro mawili yaliyochakaa na takataka nyingine. Akazunguka mara tatu. Alipotoka na mzigo wa mwisho nilipiga deki, nikafungua madirisha, nikafukiza udi. Nilikaa kitandani nikautazama ule uwazi kama mtu aliyepona homa. Nakumbuka hata mume wangu alisema nyumba imekuwa kubwa.

Usiku wa nne mvua ikanyesha. Anayeijua Bwaise anajua sisi tuko bondeni. Maji ya vilima vinavyotuzunguka, Makerere ukiwa mmojawapo, yote yanashuka kwetu yakitafuta mfereji wa Nsooba ili yaingie kinamasi cha Lubigi. Njia ikiziba mahali pamoja tu, maji hayasubiri, yanaingia majumbani. Kwangu pameinuka kidogo, kwa hiyo hatukuguswa. Nyumba za chini yetu zililowa hadi magotini.

Alfajiri nilishuka kuwasalimu na kuona hali. Wanaume wanne walikuwa kwenye kalvati na miti mirefu, wakichokoa kitu kilichojikunja mdomoni mwake. Godoro la sponji likinywa maji linakuwa zito kuliko ng'ombe. Walilivuta kwa kamba, likatoka kwa mkupuo, na maji yote yaliyosimama yakaondoka nyuma yake kwa kishindo. Wakalilaza kando ya njia. Upande mmoja lilikuwa na kiraka cha kitenge, kijani chenye ndege wa manjano, kimeshonwa kwa mkono na uzi mweusi. Kiraka kile nilikishona mimi, mahali mwanangu alipochoma kwa pasi.

Jirani yangu mshona nguo alikuwa amesimama hapo, amebeba mtoto mgongoni, gauni limelowa hadi kiunoni. Kitenge kile kilitoka kwake. Alinipa kipande kilichobaki aliposhona nguo za harusi. Akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Dada, hiki si kile cha kwangu?"

Nikamwambia ndicho.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aligeuka akaingia ndani, nami nikamfuata, tukachota maji kwa beseni hadi adhuhuri bila kusemeshana. Unga wake wote ulikuwa uji. Daftari za watoto wake nilizianika mwenyewe juu ya ukuta wangu, ukurasa kwa ukurasa, na wino ulikuwa umeshakimbia. Unga niliurudisha, daftari nilinunua mpya, lakini ilipita Ramadhani nzima kabla hajanigongea mlango kama zamani.

Yule kijana sikumlaumu wala simlaumu. Sikumuuliza hata mara moja anavipeleka wapi. Nilitaka vitoke machoni pangu, naye kwa shilingi 5,000 alivitoa machoni pangu. Kwa pesa ile hangeweza kufika mbali na toroli, na mimi nilipaswa kulijua hilo kabla ya kumlipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni hili: hakuna kitu kinachotoka mlangoni kwangu sasa kabla sijajua kinafikia mikononi mwa nani. Msiniambie basi nilipie gari la taka na nilale. Gari la taka nalo lilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa Kiteezi. Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1996, na kwa karibu miaka 30 taka za Kampala zililundikwa pale hadi zikawa mlima wenye nyumba za watu chini yake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ukaporomoka asubuhi ya Jumamosi na kuwafukia watu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30, wakiwemo watoto. Mimi nililia nikiwa jikoni. Miaka yote ile nilikuwa nimelipa gunia baada ya gunia likapakiwe huko, na ndani ya magunia yale kulikuwa na viatu, ndoo, mablanketi, vitu ambavyo mtu mwingine angevitumia.

Sasa nieleze ninavyofanya. Masanduku ya bati ndiyo rahisi kuliko yote, ila yana wakati wake. Kila mwanzo wa mwaka, matokeo yakishatoka na shule zikianza kupokea senia wani, mtaani kwetu kuna mama anayehesabu pesa usiku na hazitoshi. Simsubiri aje kuomba. Wala simpi mbele za watu, maana mtoto wake atasoma na wenzake wa mtaa huu huu. Kwanza nalikagua sanduku: bawaba nazipaka mafuta, kutu nasugua kwa msasa, nanunua kufuli mpya yenye funguo mbili. Kisha napaka rangi. Jina la mwanangu wa kwanza liliandikwa na fundi kwa rangi nyeupe ya mafuta, herufi nene, na hata ukipaka mara mbili, ukiliinamisha sanduku kwenye mwanga bado unaliona likichungulia chini ya bluu. Nilimwomba radhi mama aliyelichukua. Akasema, "Mwache abaki, mwanangu asome kama yeye." Mtoto huyo sasa yuko senia siri, yaani kidato cha tatu, na likizo akipita na boda, sanduku limefungwa kwa mpira nyuma, mimi nalitambua kutoka mbali.

Magodoro yana shida moja isiyosemwa: kunguni wa bwenini. Kumpa mtu godoro lenye kunguni ni kumpa ugonjwa, naye hataweza kukuambia kwa sababu ulimsaidia. Mimi nafumua kitambaa chote, nakichemsha kwenye sufuria kubwa, sponji naianika juani siku kadhaa nikiigeuza, na mishono naipitia kidole kwa kidole, kwa sababu mayai hukaa kwenye mikunjo. Nikiona hata moja, halitoki. Godoro lililozama katikati silitoi kwa kulalia. Fundi wa viti hapa Kawempe hulikata, kingo zake bado nzima, akajazia mito na makochi.

Masufuria na vyuma vina wenyewe. Wapo wanaopita na gunia na mizani wakinunua kwa kilo, na sufuria iliyotoboka ikifika Katwe inayeyushwa na mafundi, inamiminwa upya, inarudi sokoni sufuria. Chupa za plastiki vilevile zina wanunuzi, ila zioshwe na zisichanganywe na uchafu. Nami nawasihi wenzangu wanaochoma plastiki nyuma ya nyumba jioni: moshi ule unaingia kwa watoto wa jirani kabla haujafika mawinguni.

Nguo zinahitaji ukweli wa mtu na nafsi yake. Sisi Uganda tunaijua mivumba, yaani mitumba, tumevalishwa na marobota ya soko la Owino tangu utotoni. Mwaka 2023 Rais alipotangaza kwamba nguo za mitumba zipigwe marufuku, alisema ni nguo za wafu, na wafanyabiashara wakapiga kelele kwa sababu ndiyo riziki yao. Sina hukumu ya kutoa kati yao. Najua tu kwamba nimewahi kununua robota pamoja na wenzangu, tukakuta ndani sweta lenye tundu la mkono mzima na sidiria iliyokatika, tukajiuliza aliyetia hivi ndani alikuwa anatufikiriaje. Kisha nikafungua magunia yangu mawili niliyotaka kuyapeleka madrasa, nikakuta mashati yasiyo na kola. Kur'ani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kutoa kilicho kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Aya hiyo nilikuwa naijua tangu Bombo. Siku ile ndiyo ilinisoma. Mashati yale nikayakata matambara, yakaenda kwa makanika. Zilizobaki nilizifua, nikazipiga pasi, nikatia vifungo, zikawa nusu gunia.

Mnauliza kipi kimenishinda. Ni ile televisheni. Ilikufa zamani, na fundi wa mtaani yuko tayari kuichukua hata kesho, atoe waya za shaba na kile kinachouzika. Nilimuuliza, na kioo je? Akanyoosha mkono kuelekea mfereji. Kioo cha televisheni hizi za mgongo kina madini ya risasi ndani yake, na pale mfereji unapopanuka watu wamelima magimbi, na watoto wanacheza. Nikamwambia aiache.

Kwa hiyo ipo koridoni, nimeifunika kitambaa alichonifumia mama mkwe, na juu yake pamekaa dumu la maji ya kunywa. Inatuchukulia nafasi, na kila mgeni anauliza mbona hamuitupi. Msomaji mwenzangu aliyeko Kampala, kama umewahi kuona kwa macho yako mahali televisheni za aina hii zinapofunguliwa na vioo vyake vikahifadhiwa, tafadhali jibu katika toleo lijalo. Toroli nitalisukuma mwenyewe.